Bajerigari wangu anakula mbegu tu: nimlisheje?

Swali: "Shikamoo daktari. Nina kasuku mdogo, bajerigari dume wa kijani, ana miaka miwili na nusu. Tangu nimnunue anakula mbegu za mfuko tu, na hata humo huchagua alizeti kwanza. Nikimwekea karoti hukimbilia upande wa pili wa tundu. Aliyeniuzia alisema mbegu zitamtosha maisha yake yote. Rafiki yangu anasema nitupe mbegu zote leo nimpe peleti, la sivyo ini lake litaharibika. Nimsikilize nani? Na changarawe, na dawa za vitamini za kutia kwenye maji, ni lazima?"

Marahaba mwanangu. Rafiki yako ana nia njema, na sehemu kubwa ya anayosema ni kweli, lakini ukimfuata neno kwa neno ndege wako anaweza kufa wiki hii hii. Tafadhali usitupe mbegu leo.

Bajerigari mzima ana uzito wa gramu 30 hadi 40. Mwili mdogo namna hiyo huunguza chakula upesi sana na akiba yake ni haba. Siku moja bila kula tayari ni shida, siku mbili zinaweza kumuua. Na ndege aliyekulia mbegu hajui kwamba peleti, yaani vile vipunje vya chakula kilichosagwa na kukandamizwa, ni kitu cha kuliwa. Kwake ni vijiwe. Atavitazama, atavikanyaga, atavitawanya, atakiponda kimoja kwa mdomo, na jioni utakuta vumbi bakulini udhani amekula. Hajala.

Hapo ndipo penye kiini cha jibu langu lote: kilichomo bakulini na kinachoingia tumboni ni vitu viwili tofauti. Karibu kila kosa la kulisha ninaloliona kwa ndege hawa linatokana na kuvichanganya hivyo viwili.

Nakumbuka mama mmoja aliyeniletea ndege wake akiwa ndani ya tundu, amejikunyata chini, manyoya yametuna. Aliniapia kwamba chakula kipo, tena bakuli limejaa, na kweli nililiona limejaa. Nikalichukua nikalipuliza. Likaruka wingu la maganda, meza ikatapakaa, na pale chini zikabaki punje chache za kuhesabika. Bajerigari hamezi mbegu nzima. Huishika kati ya ulimi na mdomo, huizungusha, huimenya, ganda likaanguka palepale alipoitoa, na kiini kikamezwa. Kwa hiyo bakuli lililoliwa lote hufanana na bakuli ambalo halijaguswa. Nilipompapasa yule ndege kifuani, ule mfupa wa katikati ulikuwa umechongoka kama ukingo wa kisu. Alipona, kwa kulishwa kidogo kidogo kwa siku kadhaa, na mama yule akaondoka akijua kupepeta. Nawe ujue: kila asubuhi na kila jioni pepeta bakuli, ondoa makapi, tazama kilichobaki ni nini na ni kiasi gani. Hicho kilichobaki kitakueleza anachokula kuliko maandishi yoyote ya kwenye mfuko.

Sasa nije kwa muuzaji, maana naye hakukudanganya kabisa. Bajerigari ni ndege wa nyanda kame za katikati ya Australia. Huishi kwa makundi, huhama kufuata mvua, na chakula chake hasa ni mbegu za nyasi anazookota chini au kwenye masuke. Mbegu ni chakula chake cha asili, na sitakuambia umnyime. Lakini yule wa porini hula mbegu za nyasi za kila namna, nyingine zimekauka, nyingine bado mbichi zina maziwa ndani, na huruka masafa marefu kutafuta chakula na maji. Wako huletewa mbegu kavu za aina tatu au nne, zimekaa ghalani kwa muda gani haijulikani, na safari yake ni hatua chache kutoka kijitini hadi bakulini.

Halafu kuna hiyo alizeti. Kiini cha alizeti kikimenywa, karibu nusu ya uzito wake ni mafuta. Mawele hayafiki hata sehemu moja ya kumi. Ndege mchanganyiko anauona, ila anakula anachokipenda. Akianza na alizeti akashiba, mawele na ulezi hubaki, wewe unamwaga, unamjazia upya, naye anaanza tena na alizeti. Mfuko umeandikwa chakula kamili na ndege anaishi kwa mafuta. Mafuta hayo huishia kwenye ini, na kwa bajerigari pia huota kama uvimbe laini kifuani au tumboni chini ya ngozi. Dalili ninayokutana nayo mara nyingi ni mdomo unaorefuka kupita kiasi, wenye madoa meusi ambayo ni damu iliyovujia ndani. Watu huniletea ndege nimkate mdomo. Namkata, ndiyo, kisha nawauliza anakula nini.

Upande wa pili ni yale ambayo mbegu hazina. Vitamini A ni haba mno ndani yake. Ikipungua mwilini, ile ngozi laini inayotanda mdomoni, puani na kwenye njia ya hewa hukauka na kukakamaa, na vijidudu hupata pa kuingilia. Utaona chafya zisizoisha, manyoya yaliyolowa juu ya pua, au madoa meupe ndani ya mdomo. Kalsiamu nayo ni kidogo na fosforasi ni nyingi, jambo linaloumiza zaidi majike, ambao yai linaweza kuwakwama tumboni. Na kuna iodini. Bajerigari ni mwepesi kuliko kasuku wengi kupata rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingoni, ila rovu lake hulioni kwa nje kama la binadamu, kwa sababu tezi imejificha chini kabisa ya shingo, kwenye mlango wa kifua. Ikivimba hubana koo la hewa na koo la chakula. Mwenye ndege husikia mlio mwembamba wa kukwaruza kila anapovuta pumzi, au humwona akitapika mbegu bila sababu. Ukisikia mlio huo kwa ndege wako, acha kusoma, mpeleke kwa daktari wa wanyama anayewajua ndege.

Kwa hiyo tunaelekea wapi? Kwa ndege mzima kama wako, mimi hulenga chakula kikavu cha vijiko vya chai viwili kwa siku, vilivyosawazishwa juu, nusu yake ikiwa peleti za ndege wadogo na nusu mbegu zisizo na alizeti, na juu ya hayo mboga kila siku. Wako madaktari wanaopandisha peleti zaidi ya hapo, na wana sababu zao. Mimi sipendi peleti peke yake kwa ndege huyu. Ametokea nchi kame, ameumbwa kumenya, na kumenya ndiyo kazi yake ya siku nzima. Ukimwondolea kazi hiyo yote umempunguzia kitu ambacho hakuna vitamini ya kukirudisha.

Kufika huko kutachukua wiki sita, pengine miezi mitatu. Fanya hivi.

Kabla ya kubadili hata punje moja, nunua mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja. Weka juu yake kijisanduku au kijiti kifupi kilichosimikwa, tundika hapo kipande cha suke la mawele, na mwache ndege apande mwenyewe. Siku ya kwanza ataogopa, siku ya nne atakimbilia. Mpime kila asubuhi, akishatoa kinyesi cha kwanza na kabla hajala, uandike. Wiki hiyo ya kwanza usibadili chochote, pima tu: uzito wake, na mbegu anazokula kwa siku ukishapepeta. Watu wengi huiruka hatua hii kwa sababu haionekani kama matibabu. Kwangu ndiyo nguzo. Ndege huficha ugonjwa, manyoya hufunika ukondefu, lakini mizani haifichwi.

Wiki ya pili ondoa alizeti. Usihofu, hatakufa njaa, mawele anayajua. Atakasirika, atapiga kelele na kumwaga mbegu kwa mdomo akizitafuta, kisha atakula. Ukiona anakula mawele vizuri na uzito umetulia, hapo ndipo peleti inaingia, lakini si kwa mlango wa mbele. Zisage ziwe unga. Chukua mbegu zake za asubuhi, zinyunyizie maji matone machache tu zilowe juu, kisha zipake unga huo. Akimenya kila punje ulimi wake unagusa unga, na ladha anaizoea bila kujua. Mbegu hizo zenye unyevu ziondoe baada ya saa mbili hivi kwa sababu huchacha, umwekee kavu za kawaida. Baada ya siku kama kumi ongeza unga, kisha punje zilizopondwa nusu, kisha nzima, na kila hatua unapunguza mbegu kidogo.

Sambamba na hilo tumia tabia yake. Huyu ni ndege wa kundi na kundi lake ni wewe. Mwenzake akila naye hula. Tawanya peleti chache kwenye sinia jeupe, mshushe hapo, na uzigonge gonge kwa ncha ya kidole kama mdomo unaodonoa, huku ukila chakula chako karibu naye. Nimewaona ndege waliokataa bakuli kwa mwezi mzima wakala kwenye sinia kwa dakika tano, kwa sababu wameumbwa kula chini na kwa sababu mtu wao alikuwa anakula pia.

Chini ya tundu tandika karatasi nyeupe isiyo na maandishi uibadilishe kila siku. Kinyesi kizuri kina sehemu tatu: uzi wa kijani au kahawia, kipande cheupe, na maji kidogo ya kuzunguka. Vinyesi vikipungua idadi na kuwa vidogo, vyenye kijani kilichoiva hadi kukaribia weusi, ujue kwamba tumbo ni tupu, hata kama bakuli linaonekana limechokolewa. Rangi ikibadilika kuwa kahawia baada ya peleti, au ya machungwa baada ya karoti, hiyo ni kawaida. Maji yakizidi siku aliyokula tango, nayo ni kawaida.

Usianze kubadili chakula ndege akiwa anaumwa, anapukutika manyoya mengi, au kama ni jike mwenye mayai. Subiri.

Karoti sasa. Uliweka kipande kizima, sivyo? Jiweke mahali pake: kitu cha rangi kali, kirefu kama yeye, kimeingia nyumbani kwake ghafla. Ndege ambaye huliwa na wengine huishi kwa kuogopa vitu vipya. Ikwaruze iwe nyuzi laini, uichanganye na mbegu zake chache sehemu ya chini ya sinia lilelile, asubuhi, saa anayoamka na njaa, kabla hujaweka bakuli la mbegu. Mpe saa moja, kisha weka mbegu zake kama kawaida. Hatuna haja ya kumtesa kwa njaa. Njia nyingine ambayo mimi naipenda zaidi ni jani. Chukua jani pana la kijani kilichokolea, lioshe vizuri, liache linatiririka maji, ulitundike karibu na kijiti anachopenda. Bajerigari hupenda kujisugua kwenye majani yenye unyevu ili aoge. Ataanza kwa kuoga, ataumauma ukingo kwa mchezo, na siku moja utakuta jani lina meno meno pembeni kama msumeno. Siku hiyo umeshinda. Inaweza kuwa mara ya pili au mara ya thelathini, na hiyo ya thelathini si mzaha, endelea kulitundika.

Mboga zenye manufaa zaidi kwake ni zile zenye rangi: karoti, boga, kiazi kitamu kilichochemshwa bila chumvi, pilipili hoho nyekundu, brokoli, majani ya kijani kibichi kilichoiva. Ndizo zenye malighafi ambayo mwili wake huigeuza kuwa vitamini A. Hata pilipili kali anaweza kuila, ndege hawasikii ukali wake. Spinachi mpe mara mojamoja tu kwa sababu ina asidi inayoshika kalsiamu isitumike. Saladi ya majani meupe ni maji matupu. Tunda ni kitamu kwake na lina sukari nyingi, kwa hiyo kipande kama ukucha wa kidole gumba mara mbili tatu kwa wiki kinatosha. Yai lililochemshwa likaiva kabisa, kiasi cha ncha ya kijiko, mara moja kwa wiki hasa akiwa anaota manyoya mapya.

Nikupe na jambo moja ambalo halina gharama na hukuonyesha ubora wa mbegu zako papo hapo. Hesabu mbegu 20, uzitandaze kwenye kitambaa chenye unyevu, uzifunike, uziloweshe kila siku. Zikiota nyingi ndani ya siku nne tano, mbegu ni hai. Zikibaki kimya au zikatoa harufu ya uvundo, umekuwa ukinunua mbegu mfu, na zenye ukungu usimpe kabisa kwa sababu ya sumukuvu, ambayo hupiga ini moja kwa moja. Zile zilizoanza kuchungulia mzizi mweupe, zisuuze kwa maji safi umpe. Kuota kumeshaanza kuyabadili mafuta na wanga wa ndani, na ndege wengi wanaokataa kila kitu kipya huzikubali. Zisuuze mara mbili kwa siku zikiwa zinaota, na zikinuka, tupa.

Changarawe: hapana. Kuku na njiwa humeza nafaka na ganda lake, kwa hiyo firigisi inahitaji vijiwe vya kusagia. Ndege wako ameshamenya, anameza kiini laini. Changarawe hazimsaidii, na ndege mgonjwa anaweza kuzila kwa wingi zikamziba. Mtundikie badala yake mfupa mweupe mwepesi wa dome, yule jamaa wa ngisi. Atauguguna apate kalsiamu na mdomo utachongeka. Lakini kalsiamu haitumiki vizuri bila vitamini D, na miale ya jua inayoitengeneza haipiti kwenye kioo cha dirisha. Kwa hiyo mtoe nje ndani ya tundu asubuhi, penye jua na kivuli pamoja, ukiwa karibu naye, hata dakika 20.

Vitamini za kwenye maji nazo sizipendekezi. Huwezi kujua amekunywa kiasi gani, ndege wa asili ya jangwani hunywa kidogo. Dawa huharibika upesi kwenye mwanga, hukuza vijidudu, na hubadili ladha hadi wengine waache kunywa. Akishakula peleti, kumwongezea vitamini ni kumzidishia, na vitamini A ikizidi nayo ni sumu. Mpe maji safi, ubadilishe mara mbili kwa siku, na chombo ukisugue kila siku.

Vya kumkataza bila mjadala: parachichi kwanza kabisa, linaweza kumuua ndani ya siku moja au mbili kwa kuharibu moyo. Kisha chokoleti, kahawa, chai, pombe, vitunguu, chumvi na vyakula vya chumvi. Tofaa mpe nyama yake tu, kokwa zake zina sumu. Maziwa hawezi kuyameng'enya. Na usimlishe kutoka mdomoni mwako hata kama ndivyo anavyopenda, mate yetu yana vijidudu ambavyo mwili wake haujazoea. Si chakula, lakini siwezi kuliacha: usiweke tundu lake jikoni, maana kikaango chenye utando wa kuzuia chakula kisigande kikipata moto kupita kiasi hutoa hewa inayoua ndege kabla wewe hujasikia harufu.

Mwisho, kiwango cha kurudi nyuma, ukiandike ukutani kabla hujaanza. Tuseme wiki ya kwanza wastani wake ni gramu 38. Akishuka hadi 36, simama hapo ulipo, usipunguze mbegu zaidi hadi apande tena. Akigusa 34, yaani amepoteza sehemu ya kumi ya mwili wake, mrudishie mbegu zote kama zamani siku hiyo hiyo, na asubuhi inayofuata mpeleke kwa daktari ukiwa na daftari lako la uzito na karatasi ya chini ya tundu kama ilivyo, usiisafishe.